Shule Uliyoiita Nzuri

Bangwe, Kigoma
2 Mei 1965

Mdogo wangu Elikana,

Pokea salamu zetu. Mama anakusalimu, na Yakobo mume wangu anakusalimu ingawa muda huu anakoroma, maana wavuvi wa dagaa mchana ndio usiku wao. Goti la mama limeanza tena tangu mvua za Aprili. Asubuhi anatambaa hadi jikoni huku akitukataza kumtazama. Mawese mwaka huu yametoka vizuri, nitakutumia debe moja nikimpata mtu wa kuaminika anayepanda treni. Je, Merina na mtoto hawajambo? Ulisema ameota meno mawili; mama anataka kujua kama yameanza ya chini au ya juu.

Watu wa ng'ambo bado wanavuka. Juma lililopita mitumbwi mitatu ilifika asubuhi, wanawake na watoto tupu, waume zao wamebaki kwenye vita huko Kongo. Wengine wamepokelewa na jamaa zao Kasingirima. Wengine wako pwani bado.

Sasa nije kwenye neno langu. Unajua Agnesi wangu yuko darasa la nane katika shule yetu ya kati, na mwaka huu ndio wa mtihani. Katika watoto arobaini na watatu, watakaochaguliwa kwenda sekondari ni wachache, na mwaka jana hakuchaguliwa hata mmoja. Wazazi hapa wanabishana. Wengine wanasema shule ni mbovu, wengine wanasema watoto ndio wazito. Martini wa hapa jirani amemtoa mwanawe.

Wewe ni mkaguzi wa shule. Mwezi wa pili ulikuja ukaikagua shule hiyo hiyo, ingawa kwangu hukufika, ulisema treni ilikuwa inaondoka. Nakuuliza kama ndugu, si kama mzazi: ile ni shule ya namna gani? Nimwache mtoto pale, au nimpeleke kwa masista wa bweni hata kwa kuchelewa? Nitafanya utakavyosema.

Dada yako,
Leonia


Tabora
20 Mei 1965

Dada yangu mpendwa Leonia,

Shikamoo. Shikamoo nyingi kwa mama, na mwambie meno yameanza ya chini, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Merina anaendelea vizuri. Mimi kazi ni nyingi, shule ishirini na moja kwa baiskeli na lori za watu, na tumbo langu halipendi maji ya kila mahali.

Kuhusu swali lako, nimefurahi kwamba umeuliza mtu anayejua. Usiwasikilize watu wa mitaani. Shule hiyo niliipa daraja la "Nzuri", na ripoti yangu ilisomwa na mkuu wangu bila kubadilishwa neno. Majengo yana bati. Vyoo vimechimbwa kwa kipimo. Bustani ya mihogo imepaliliwa. Vitabu vipya vya serikali nilivikuta kabatini, visafi, havina hata doa. Mahudhurio yameandikwa kwa wino. Mwalimu Mkuu, Bwana Nikodemu, ni mtu wa nidhamu. Watoto walisimama kama askari nilipoingia.

Kulikuwa na kasoro moja nami niliirekebisha. Mkimbizi mmoja kutoka Kongo, jina lake Selestini, alikuwa akifundisha hesabu darasa la nane bila cheti kinachotambuliwa. Shule ya umma haiwezi kuendeshwa hivyo. Nilipendekeza aondolewe, na nadhani wameshamwondoa.

Mwache Agnesi pale. Mwambie asome kwa bidii.

Mdogo wako,
Elikana


Bangwe
13 Juni 1965

Mdogo wangu Elikana,

Marahaba. Mama amefurahi kuhusu meno. Goti limetulia kidogo tangu tulipolikanda kwa majani ya moto. Juzi ziwa lilichafuka, Yakobo akarudi bila taa moja, lakini yeye mzima na wenzake wazima.

Barua yako niliisoma mara mbili. Baadaye nikavaa kanga safi, nikaenda shuleni mwenyewe. Mwalimu Nikodemu aliniuliza nina shida gani. Nikamwambia, "Sina shida, Mwalimu, nataka kukaa nyuma darasani nisikilize." Akacheka. Akasema darasa si kanisa, mtu haingii tu. Nikakaa nje chini ya dirisha, juu ya tofali, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Hakunifukuza. Nadhani aliona haya.

Nikwambie nilichoona, maana nawe ulinieleza ulichoona.

Kipindi cha kwanza mwalimu aliingia, akaandika ubao mzima kwa Kiingereza, akatoka. Watoto wakanakili. Hakurudi. Kipindi cha hesabu hakikuwa na mtu. Kiranja alisimama mbele na fimbo kuwanyamazisha, basi, wakanyamaza saa nzima. Tangu Machi, Elikana, darasa la nane halijafundishwa hesabu hata siku moja. Mchana walipelekwa kwenye mihogo, na hiyo kweli imepaliliwa vizuri, umesema kweli.

Nilimwomba Agnesi anionyeshe vile vitabu visafi. Akaniambia, "Mama, vile havitoki kabatini. Mwalimu Mkuu anasema tutavichafua." Nikamwuliza vilitoka lini mara ya mwisho. Akasema Mwalimu Selestini alikuwa akiomba ufunguo kila Jumatatu, na kuvirudisha kila Ijumaa akiwa amevihesabu.

Nataka kukuuliza jambo moja dogo. Siku ile ulikaa darasa la nane muda gani? Na huyo Mkongomani ulimsikia akifundisha?

Nijibu upesi. Hawa watoto wana miezi minne.

Dada yako,
Leonia


Tabora
1 Agosti 1965

Dada Leonia,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa safarini Nzega, halafu mtoto akapata homa, sasa amepona. Nakutumia kitenge kwa mkono wa mke wa mwenzangu anayekuja huko, na dawa ya kupaka ya goti la mama. Apake asubuhi na jioni, asiifikishe machoni.

Kuhusu yale mengine, ukaguzi una taratibu zake ambazo si rahisi kumweleza mtu aliye nje ya kazi. Nitamwandikia Bwana Nikodemu kumkumbusha juu ya vitabu. Ukosefu wa walimu ni tatizo la nchi nzima.

Nisalimie wote.

Elikana


Bangwe
10 Agosti 1965

Elikana,

Dawa imefika na mama anapaka. Kitenge nimekiweka ndani ya sanduku, sijakishona.

Nilikuuliza maswali mawili ukanijibu kuhusu Nzega.

Agnesi haendi shuleni tena siku za Jumanne na Alhamisi. Anaondoka na wenzake saba, wanakwenda kwa miguu hadi Simbo. Yule mwalimu uliyemwondoa anapalilia shamba la muhogo la mtu huko ili apate kula, na akimaliza matuta yake anawafundisha chini, kwenye vumbi, kwa kijiti. Mvua zikianza sijui watafanyaje.

Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo sitakuzungusha. Siku ya ukaguzi Agnesi alikuwa darasani. Ulimwona naye alikuona. Tangu jioni ile ya Februari nilijua yaliyotokea, nikasubiri uniambie wewe mwenyewe. Nilipokuandikia Mei kukuuliza shule ni ya namna gani, nilikuwa nakufungulia mlango. Juni nikaufungua tena, na leo ni mara ya tatu.

Sitaufungua mara ya nne.

Leonia


Tabora
22 Agosti 1965

Dada yangu Leonia,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia.

Mama asisomewe barua hii. Nikishamaliza kuiandika nitaipeleka posta palepale, maana nikilala nayo nitaichana.

Nilifika shuleni saa nne. Bwana Nikodemu alinipokea nyumbani kwake, pale pale uwanjani. Mkewe alikuwa amekaanga samaki wa migebuka na kusonga ugali mweupe wa muhogo. Tulikula na kuzungumza juu ya watu tunaofahamiana hadi saa saba. Huyo ndiye aliyenifundisha darasa la tatu, dada, na ndiye aliyeandika barua iliyonipatia kazi hii. Kitabu cha mahudhurio nililetewa mezani. Vitabu niliviona kupitia kioo cha kabati. Baadaye nikasema sasa niende darasa moja tu, nisionekane sikuingia.

Nikaingia darasa la nane. Yule Selestini alikuwa ubaoni, mtu mrefu, koti limechanika kwapani, hana viatu. Watoto walikuwa wakibishana naye. Nikaona ni kelele, sikuona kwamba ni kusoma. Nilitaka kumwonyesha ukaguzi ni nini. Nikachukua chaki nikaandika: bomba moja hujaza tangi kwa saa tatu, bomba la pili hulijaza kwa saa sita; yakifunguliwa yote mawili pamoja tangi litajaa kwa saa ngapi?

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Agnesi. Akasema, "Saa mbili, bwana."

Nikasema, "Si kweli. Ni saa nne na nusu. Keti, wewe msichana."

Nilimwita msichana. Mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni akiwa na surua.

Yule mwalimu akasema polepole, kwa Kiswahili chao cha kule, "Pole, Bwana Inspekta. Bomba la kwanza peke yake linamaliza kwa saa tatu. Akija mwenzake kumsaidia, namna gani wachelewe?" Hakucheka. Hata hakunyoosha shingo. "Mimi minasema tu vile hesabu inasema," akaongeza, na akanipa chaki nijaribu tena. Watoto arobaini na watatu walikuwa wananitazama. Nikaiweka chaki mezani, nikatoka.

Ofisini akanifuata na karatasi yake, imekunjwa mara nne, ina mihuri, imeandikwa kwa Kifaransa. Alisema ni cheti cha ualimu cha kwao. Mimi Kifaransa sijui. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Hiki si cheti."

Ripoti niliiandika ndani ya treni, kabla hatujafika Uvinza. Niliandika "Nzuri" kwa sababu ya migebuka na kwa sababu ya Nikodemu. Na niliandika aondolewe kwa sababu alinipa chaki.

Ulipouliza kama nilimsikia akifundisha, ndiyo. Nilimsikia. Katika shule zote ishirini na moja, ndilo darasa pekee mwaka huu nililokuta watoto wanafikiri.

Kwenu sikupita kwa sababu Agnesi angekuwa amerudi nyumbani. Treni iliondoka saa mbili baadaye. Nilikaa stesheni.

Sijui nifanye nini.

Elikana


Bangwe
30 Agosti 1965

Mdogo wangu Elikana,

Marahaba. Naiitikia.

Nimelia, kisha nimepika, kisha nimekaa kuandika. Mama hajui. Anasema tu dawa inanuka kama mafuta ya gari lakini anaipaka.

Usidhani nakuandikia nikiwa juu na wewe uko chini. Nami nina langu. Mwezi wa tatu, siku chache baada ya kufukuzwa, yule Selestini alikuja mlangoni kwangu. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mama yake Agnesi ni dada wa mkaguzi. Alibisha hodi, akasimama nje, akakataa kiti. Alikuwa na barua ameiandika kwako, na cheti chake kile, akaomba niviambatishe nikikuandikia. Wakati ule Agnesi alikuwa ndani, na Martini na mkewe walikuwa uani kwangu wakianika dagaa. Niliona wametega masikio. Niliona aibu ya mtaa mzima kujua kwamba aliyeharibu shule ya watoto wao ni ndugu yangu.

Nikamwambia, "Umekosea nyumba. Mimi sina ndugu Tabora."

Akaniangalia. Unafanana nami sana, Elikana, hata kipofu angejua. Akasema, "Samahani, mama," akakunja karatasi zake akaondoka. Mkewe alifia njiani wakati wa kuvuka. Hilo nililisikia baadaye kwa Agnesi. Mimi sikumpa hata maji.

Siku tatu Agnesi aliniepuka. Kisha akaniuliza kama babu yetu alipovuka ziwa hili kuja Ujiji alikuwa na cheti.

Basi tumekana wote wawili, wewe shuleni na mimi mlangoni. Wewe unaweza kurekebisha kuliko mimi. Mwandikie mkuu wako kama ulivyoniandikia mimi. Halafu panda treni. Usije nyumbani kwanza, nenda Simbo. Ulizia shamba la Mzee Oswald, kila mtu analijua.

Mtihani ni mwishoni mwa Oktoba.

Dada yako,
Leonia


Tabora
4 Oktoba 1965

Dada yangu Leonia,

Shikamoo. Najua umesikia kwamba nilikuja na nikaondoka tena bila kufika kwenu. Agnesi lazima alikwambia. Nilishindwa kumtazama mama usoni kisha nile chakula chake. Nivumilie hadi Krismasi. Lakini yaliyotokea nakueleza mwenyewe, nisije nikakuachia tena uyasikie kwa mtoto.

Mkuu wangu nilimpa barua tarehe sita Septemba. Aliisoma nikiwa nimesimama. Akaniuliza, "Uliwahi kuandika ripoti nyingine namna hii?" Nikasema mbili. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliagiza cheti kiletwe kutoka Simbo, kikapelekwa kwa padri mmoja anayejua Kifaransa. Ni cheti halali, dada. Miaka mitatu ya chuo cha ualimu. Mimi nilisoma miwili.

Nikapata barua ya kumrudisha kwa muda hadi mtihani upite, nikaja nayo. Simbo nilimkuta katikati ya tuta. Nikamwamkia kwa Kiha cha kwetu, "Mwakeye, Mwalimu." Hakuitika hadi alipofika mwisho wa tuta, akaegemea jembe.

"Bwana Inspekta, umepotea njia?"

Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, nikampa barua. Aliisoma yote, hata anwani. Kisha akasema, "Mimi hukunikosea sana. Mimi nilijua jibu. Wale watoto ndio uliwaachia jibu lako."

Nikauliza anataka nifanye nini. Akasema atarudi shuleni kesho yake, lakini nitangulie mimi.

Nilitangulia. Bwana Nikodemu alinifuata hadi mlangoni akininong'oneza kwamba si lazima, mtu mkubwa hafanyi hivyo mbele ya watoto. Nikaandika ubaoni hesabu ileile. Nikasema: "Mwezi wa Februari niliwaambia ni saa nne na nusu. Si kweli. Ni saa mbili. Mwalimu wenu alikuwa sahihi, na aliyejibu alikuwa sahihi. Na mimi nilijua kabla sijatoka mlangoni, lakini nilimfukuza mwalimu wenu badala ya kufuta ubao."

Nilikuwa nimejitayarisha kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Walinitazama kama watu wanaotazama mgonjwa. Mtoto mmoja mbele aliinamisha macho kwa niaba yangu. Halafu nyuma kabisa Agnesi akasimama, akasema kwa sauti, "Shikamoo, mjomba." Darasa zima likageuka kumtazama yeye. Wengi walikuwa hawajui. Akabaki amesimama hivyo hivyo, wamtazame, hadi nilipoweza kuitikia.

Selestini akaingia, akachukua chaki, akaniambia ninaweza kukaa nyuma nikipenda. Nilikaa vipindi viwili. Sikuandika chochote.

Kuanzia Januari mimi si mkaguzi tena. Nitafundisha darasa la tano huko Urambo. Barua haisemi ni adhabu, inasema ni "mahitaji ya kazi". Merina bado hajaniuliza kwa nini. Nitamwambia kesho.

Mdogo wako,
Elikana


Bangwe
9 Januari 1966

Mdogo wangu Elikana,

Marahaba. Mama anakusifu kwamba Krismasi ulikula sahani mbili na anasema mtoto ana kichwa cha babu. Goti lake ni lilelile. Yakobo amepata wavu mpya. Watu wa ng'ambo wameongezeka tena tangu mwaka mpya, na safari hii nimechukua mama mmoja na mapacha wake, wanalala chumba cha uani. Nilimpa maji kabla hajaniambia jina.

Selestini nilikwenda kumwona Novemba, peke yangu. Nilimwambia, "Ni mimi niliyesema sina ndugu." Akaniambia anakumbuka. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliniuliza kama Agnesi anakula vizuri, amekonda. Tangu hapo tunaamkiana.

Majina yamebandikwa juzi. Shule yetu imetoa sita. Haijawahi kutoa sita. Mwalimu Nikodemu amevaa tai siku tatu mfululizo na anaambia watu shule yake ilikuwa nzuri tangu zamani, hata mkaguzi aliandika.

Agnesi hayumo. Hesabu amewapita wote. Zilizomwangusha ni Kiingereza na jiografia, vipindi vya Jumanne na Alhamisi, siku alizokuwa akienda Simbo. Tangu Julai hadi Septemba alichagua somo moja akaacha mengine, kwa kuwa sisi wakubwa tulimlazimisha kuchagua. Nimeandika hivi tujue sote, sikuandika ili ulie.

Hakulia yeye. Alisoma orodha mara mbili, akawapa mkono wale sita mmoja mmoja. Selestini anataka arudie mwaka, na masista wa bweni wamekubali kumpokea. Kwa sasa kila asubuhi anashuka pwani, anawakusanya watoto waliovuka, anawafundisha kuhesabu kwa Kiswahili cha huku. Jana walikuwa kumi na tisa.

Usiku aliniuliza kama mjomba ataona aibu akisikia kwamba ameshindwa. Nikamwambia, mwulize mwenyewe, anwani unayo.

Barua yake iko ndani ya bahasha hii. Ameifunga kwa ugali badala ya gundi. Sijaisoma.

Dada yako,
Leonia